Siku Niliyoitikia kwa Kihispania

Aibu hii ningeificha kama ningeweza, lakini nitaifichaje wakati mtaa mzima wa Bwiza uliisikia kupitia spika mbili za harusi ambazo nilizikodi mimi mwenyewe, kwa hela yangu, nikaelekeza na mdomo wa moja barabarani ili hata wapita njia wafaidike?

Mnanijua. Shule niliiacha darasa la nne, lakini leo ukitembea kuanzia hapa Bwiza, upite Jabe, mpaka kule Gasenyi kwenye majumba mapya, ukiona geti la chuma lenye maua na simba juu, ujue limetoka kwangu mimi, Hamisi. (Wenye wivu wanasema simba wangu anafanana na mbwa aliyelala njaa. Sawa, lakini wao hata mbwa hawajatengeneza.) Na Kifaransa sikijui. Miaka ishirini mabosi wanakuja na Kifaransa chao kirefu, mimi natikisa kichwa, nasema “wi wi, biyansiri,” yaani ndiyo ndiyo, hakika, halafu natazama mchoro, maana mchoro ndio unaosema kila kitu. Kwa hizo wi wi nimejenga ghorofa.

Sasa, binti yangu Shakila ameolewa Uhispania. Alipokuwa na mimba ya miezi mitano akapiga simu akasema, “Papa, mutoto akiwa wa kiume tutamupa jina lako. Lakini kwa sasa tunaweza kualika mutu moja tu aje kumuona. Wewe ao Mama.”

Mtu mwenye akili timamu anajua mzazi akijifungua anayekwenda ni mama yake. Mke wangu hakungoja hata simu ikatike, siku ile ile alianza kuanika ndagala, vile visamaki vyetu vya ziwani, za kubeba. Lakini mimi niliposikia kuna Hamisi mdogo anakuja duniani, nikaona haiwezekani aanze kubebwa na mtu mwingine kabla ya Hamisi mkubwa. Nikaleta hoja. Nikasema katika nyumba ile yumo mama mkwe wa Shakila, anaitwa Pilar, hajui Kifaransa, hajui Kiswahili, kwa hiyo aende mtu atakayeweza kuongea naye.

“Mi na Pilar tunaongeaka kila siku,” mke wangu akasema.

“Kwa lugha gani? Kwa mikono?”

“Kwa mikono. We na mabosi wako munaongeaka kwa nini?”

Nikaingia kwenye simu nikampata mwanamke mmoja anayefundisha Kihispania kwa video, na kwa miezi minne, katika umri huu wangu wa mvi, nilichomelea milango huku nimeziba masikio kwa spika za masikioni namfuatisha, mpaka mlango mmoja nikauwekea bawaba pande zote mbili, mwenyewe akashindwa kuingia kwake. Nikakariri salamu, jina langu, kazi yangu, na “mimi ndiye babu.” Na neno la kuitikia: “Si, klaro.” Yaani ndiyo, bila shaka. Nikaona yametosha. Kifaransa nilikimaliza kwa machache kuliko hayo.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, alhamdulillahi. Shakila akasema Jumapili watapiga simu ya video, tuongee wote, tukate shauri nani anakwenda. Hapo ndipo nilipokosea. Simu ile ningeipokea chumbani, mlango umefungwa, kama mtu wa heshima. Lakini nilijiuliza, Hamisi, umesoma miezi minne ili nani akusikie? Nikatoa televisheni kubwa ya sebuleni nikaitundika uani, nikaleta zile spika, nikaita watu baada ya swala ya alasiri, mishikaki na fanta juu yangu, na Sheikh Idi nikamkalisha mbele kabisa.

Simu ikaingia. Mtoto akaonyeshwa, kikunjamano chekundu, tukasema mashallah. Kisha Pilar akajaza kioo kizima. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikamwaga salamu zangu zote bila kukwama hata mahali pamoja. Yule mama akapiga makofi, uani wakapiga makofi, na Ramadhani, fundi cherehani jirani yangu (mtu asiyenisifia kitu tangu tuzaliwe), akasema, “Eh, huyu muzee kweli!”

Basi Pilar akafunguka. Akaanza kuongea kwa kasi ya mashine ya kusaga, na mimi sikuwa na mchoro wa kutazama. Akanyamaza, akanitazama kama anangoja kitu. Nikatikisa kichwa: “Si, klaro.” Akafurahi. Akaongea tena, akangoja tena. “Si, klaro!” Akaweka mkono kifuani, machozi yakamlenga. Nikazidisha: “Klaro, klaro, senyora!”

“Papa,” Shakila akaingilia, “umesikia kweli kile anakuuliza?”

“Nimesikia. Usinikatize, acha wazazi waongee.”

Ramadhani naye akasimama. “Tafsiri basi, na siye tufurahi! Anasema nini?”

Hapo bado ningeweza kuokoka. Ningesema ni maneno ya kifamilia. Lakini mdomo wangu ulishazoea makofi. “Anasema,” nikawatangazia, “hajawahi kuona mwanaume wa kiwango changu. Anasema tiketi iko tayari, chumba changu kinatazama bahari, na mtoto ameambiwa babu yuko njiani.”

“Papa!” Spika zikapasuka. “Unatafsiri nini hapo?”

Hata mchoma mishikaki aliacha kupepea moto.

“Mama Pilar amekuuliza kama unakubali Mama ndiye akuje. Ukasema ndiyo. Akauliza kama utamuacha akae mpaka mutoto atambae. Ukasema ndiyo, bila shaka. Akasema anajua na wewe ulitamani kumubeba, na mwanaume wa kuachia muke wake nafasi kama hiyo hajapata kumuona. Ukasema bila shaka, bila shaka, mama.”

Nilifungua mdomo nigeuze, nikasikia Sheikh Idi anakohoa. “Allahu akbar. Mwanaume ametoa neno mbele ya mashahidi. Al-Fatiha.” Na mikono yote ikainuka. Ningefanya nini? Na yangu ikainuka. Nikasoma Fatiha kuithibitisha safari ya mke wangu kwa sauti yangu mwenyewe, na wapita njia wakaitikia amina.

Tulipomaliza kujipangusa nyuso mke wangu akaniinamia sikioni: “Aksanti, Baba Shakila. Na mi nilisema haujui kitu.”

Akaondoka na ndagala zake. Leo mtoto anatambaa, na mke wangu bado yuko huko, na watu wakinikuta barabarani hata salamu hawanipi, wananiuliza tu, “Chumba cha bahari vipi?”

Nikaapa sitakubali tena kitu nisichokielewa. Juzi wamepiga simu, Hamisi mdogo yuko pajani kwa bibi yake anavuta hereni, Pilar akatokea, akaniuliza kitu, akangoja. Nikajikaza. Nikamkatia: “No!” Akauliza tena, taratibu, kwa upole. “No, senyora. No!”

Uso ukamshuka.

“We mutu!” mke wangu akapiga kelele. “Anakuuliza kama unataka tukuletee mutoto kwa sikukuu ya Idi!”

Nikaruka kwenye kiti niifute ile “no” yangu. “Apana! Apana, apana, apana!”

Pilar akamgeukia mke wangu akamuuliza, naona, “apana” ni nini. Na mke wangu, ambaye Kihispania amekipata jikoni bila kulipia hata spika moja, akamtafsiria sawasawa: “No.”

Wanasema hilo la kuja watalifikiria upya. Mimi tangu siku hiyo simu ikiingia nakaa chumbani, mlango nimefunga, mdomo nimefunga, namtazama Hamisi mwenzangu anavyotambaa, na akinipungia mkono namjibu kwa mkono.