Mafuta ya papa ndani ya kompyuta

Leo nimefungua kompyuta yetu ya zamani, ikanuka papa.

Ilikuwa haiwaki tangu nirudi nyumbani Kismayo. Nilibadilisha waya, wapi. Ndiyo nikaifungua.

Ndani kote kumepakwa mafuta ya papa, yale ya kupaka mashua.

Baba ni fundi wa mashua tangu tukiwa kisiwani Chovai. Akaniambia, "Chumvi inakula chuma, mwanangu. Nikaiwahi."

Sawa. Vyuma vingine hununuliwa.

Lakini alifungua mpaka diski, akaipaka taratibu kwa kitambaa. Diski ikishapakwa mafuta haisomeki tena, na picha zote za marehemu mama zilikuwa humo tu.

Baba bado ameshika kile kitambaa.

"Picha za mama yako hazitapata kutu sasa."

Nimemwambia ndiyo, baba.

Nyinyi mngemwambia nini?