Mahali Palipokwama Kwenye Ukucha

Tulikuwa wanawake wanne pale ufuoni Dunga, kando ya ziwa. Mimi; mke wa mjukuu wangu, aliyeolewa kwetu kutoka Murang'a; wifi yangu, yaani dada wa marehemu mume wangu; na mama mmoja mwenye hoteli mjini, ambaye mimi na mamake tulisali kanisa moja. Majina yao ninayo yote, hata ya baba zao, ila nimeona nisiyaandike. Hata hivyo, sisi tulioolewa huku huitwa kwa tulikotoka. Mimi ni nyar Katito, yaani binti wa Katito, na mke wa mjukuu wangu ni nyar Murang'a.

Meza moja ya kukatia samaki ilikuwa imebaki wazi, na kamati ya ufuo ikasema atapewa mwenye mteja wa kudumu. Mke wa mjukuu wangu aliitaka meza hiyo sana. Alikuwa amechoka kukaa nyumbani akingoja kutumiwa pesa na mumewe. Mteja wa kwanza kumpa nafasi ni huyo mama wa hoteli, aliyemletea mbuta mmoja mnene, yule sangara wa ziwani, amtoe minofu.

"Nyar Murang'a," wifi yangu akamwita kwa sauti ya kusikika na wote, akimtania kwa viazi vya kwao, "samaki si waru!"

"Dani, hata waru ina ngozi," akajibu, maana sisi wazee wote hutuita dani, yaani nyanya, tukacheka.

Kisu kikaanza vizuri. Kilipofika katikati ya mgongo kikanasa, naye akavuta kwa nguvu, nyama ikachanika nyuzinyuzi. Mama wa hoteli akakunja uso. "Hii wageni wangu watasema samaki amelala, si wa leo. Wacha ninunue omena kwanza, nitarudi. Nikikuta iko hivi, nampa mwingine kazi."

Akaondoka kwenda kwa wauza dagaa. Msichana wetu akabaki ameinamisha kichwa. "Lakini nimekinoa, Dani! Gusa uone kinavyokwaruza."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwao alikuwa akinoa panga la kukatia ng'ombe nyasi za nepia. Panga likiwa na vijino linashika yale mashina magumu, na hivyo ndivyo alivyofundishwa: kikwaruzacho ndicho kikali. Mbuta hataki kushikwa. Anataka kisu kipite kama hakijamgusa.

Macho yangu sasa yana ukungu, kwa hiyo sikukitazama. Niliyaweka makali juu ya ukucha wa kidole gumba, bila kukandamiza, nikayavuta polepole kutoka kwenye mpini. Yakaenda, yakaenda, halafu yakakwama kidogo.

"Ni hapa," nikamwambia. "Rudisha kwenye jiwe hapa tu. Usisumbue kwingine."

Akanoa kwa maji, pande zote mbili, akapangusa kisu kwenye mkanda wa zamani wa ngozi. Nikapima tena, nikasema kimekuwa laini. Naye akakichukua akakipitisha kwenye ukucha wake. Karibu na ncha akasimama.

"Dani, na hapa?"

"Hapo hapana kitu."

"Kipo. Sikiliza kwa ukucha."

Nikarudia taratibu. Kweli kijino kilikuwepo, kidogo kama punje ya mchanga. Ukucha wangu umeota matuta ya uzee, ukakiruka. Wifi yangu naye akajaribu, akakipata, na msichana akanoa tena hapo.

Mama wa hoteli aliporudi alikuta upande wa pili wa mbuta umetoka mzima, laini, na mfupa mweupe umebaki peke yake. Akapitisha kidole juu ya mnofu. "Huu ndio uwe mkono wako kila siku," akasema. "Ijumaa nikatie wanne. Na ule uliochanika nitautia kwenye mchuzi."

Kamati ikampa msichana meza jioni hiyo hiyo, na hadi leo anakata pale.

Wifi yangu anashikilia kwamba ni yeye aliyepata kile kijino cha mwisho. Mimi nakumbuka ni msichana. Wewe uliyekuwa unaanika omena karibu nasi, kama nimekosea, au kama samaki yule alikuwa ngege, yaani tilapia, na si mbuta, tafadhali nirekebishe ningali ninasikia.