Vidole Kumi vya Weris Alio, Muunga Mifupa

Alizaliwa Weris Alio mwaka 1996 huko Buna, Wajir, msimu ambao mvua iliahidi kuja na, kama waahidio wengi wa huku kwetu, haikuja. Babu yake, Mzee Korane, alikuwa muunga mifupa, naye alifundisha kwa njia yake: kila baada ya Idi alitia mifupa ya mguu wa mbuzi ndani ya gunia, mjukuu akaingiza mikono na kuupanga mguu bila kuchungulia. Wajukuu wa kiume walichungulia. Weris hakuchungulia, na alipotimiza miaka kumi aliupanga wote, hata mzee akasema, "Huyu mbuzi angekuwa na nyama angetukimbia." Akamwachia wasia mmoja: mtu aliyefungwa gango, vile vijiti vya kushikilia mfupa uliovunjika, alegezwe na kupapaswa vidole kila adhana, mara tano kwa siku, kwani fundo likikazwa kama la mzigo wa ngamia huua mkono.

Mwaka 2011 ukame ulimaliza mifugo yao. Mama yake, Khadijo, alimwacha binti mkubwa, Ruweyda, kwa shangazi, akashuka na Weris hadi kambi ya wakimbizi ya Hagadera. Chakula cha kambi kilikuwa cha wakimbizi. Basi Khadijo, Mkenya wa Buna, akasema wamevuka mpaka kutoka Somalia, kama walivyosema wengi. Tusimcheke. Njaa haijawahi kuulizwa uraia. Weris akaweka vidole vyake kumi juu ya mashine ya kusajili wakimbizi kwa alama za vidole, wakapewa unga na mafuta.

Walihamia Garissa, naye akawa akitibu wanawake na watoto. Mwaka 2016, katika zahanati moja ya kambi ya Dagahaley, daktari mgeni alimwona akinyoosha shingo ya mama mmoja. Akamweleza kuwa kazi hiyo ya kutibu mifupa, viungo na misuli kwa mikono husomewa, huitwa osteopathi, na akamtafutia nafasi chuoni Nairobi. Kilichobaki ni kitambulisho. Karani wa usajili, Dekow, akatazama kompyuta, akashusha pumzi.

"Abaayo, dada yangu, mashine inasema wewe ni mkimbizi."

"Nimekimbia nini?"

"Sijui. Njaa?"

"Basi Wajir nzima ni wakimbizi, andika wote."

Karani alicheka, lakini hakuandika. Weris alirudi kila Jumatatu kwa miaka mitatu, na chuo kikamvumilia. Katika kungoja huko aliona jinsi Dekow alivyoinuka kitini akiwa amepinda kama ndoano. Haikuwa halali kwake kumshika, hivyo akamwita mkewe, Istahil, akamwonyesha mahali pa kukanda. Baada ya wiki sita mgongo ulinyooka. Ndipo Dekow akamnong'oneza: "Dada yako anacho kitambulisho, na mnafanana. Nenda ukasome kwa jina lake. Nani atajua?" Ruweyda naye akambembeleza: "Chukua, abaayo. Mimi nauza maziwa ya ngamia, na ngamia hawaniulizi jina."

Weris alikaa na kadi ile mkononi tangu alfajiri hadi magharibi. Kisha akairudisha, akisema: "Nikiharibu mfupa, atalaaniwa Ruweyda. Ukipona, nitakuwa nimeiba dua zinazoombwa kwa jina lake. Na vidole hivi natawadhia."

Nafasi akapewa mtu mwingine. Watu wema wa hadithi hupokea mitihani wakitabasamu. Huyu wetu alilia mpaka macho yakavimba. Aliyekuwa aunge mifupa alipata kazi ya kufagia zahanati, akipita na ufagio mbele ya mikono iliyofungwa vibaya, akikatazwa kusema kwa kuwa hana cheti. Alisema hata hivyo, akafukuzwa. Akafagia kwingine.

Mafuriko ya Novemba 2023 yalipowatoa watu majumbani, alikwenda kuwahudumia walioteguka, akapata malaria. Alifariki tarehe mbili Desemba, akiwa na miaka ishirini na saba. Kabla hajakata roho, Khadijo alikuwa akiibusu mikono yake na kujilaumu. Weris akamwambia, "Hooyo, mama yangu, acha. Vile vidole vilitulisha," na hakusema tena.

Wako wasemao kuwa kiungo alichokifunga yeye hakiumi hata wakati wa baridi. Mimi sijui, magoti yangu alikuwa hajayafikia. Ninachojua ni kwamba Khadijo alipokwenda kuandikisha kifo, alidaiwa kitambulisho cha marehemu. Kwa kosa hilo hilo Weris alishindwa kuishi, sasa akawa anashindwa kufa. Dekow aliinuka, mgongo umenyooka, akachukua barua ya chifu, akajaza fomu mwenyewe. Uraia: Mkenya. Kazi: mtaalamu wa osteopathi. Ni karatasi ya kwanza ya serikali kumwita hivyo, na ya mwisho.

Hatumwombi Weris, tunamwombea. Nawe uliyefunga gango la mwanao, usingoje muujiza. Ukisikia adhana, legeza fundo, papasa vidole. Vikiwa na joto, mtaje Weris kwa jina lake mwenyewe.