Betri ya Baba Haikulala Sakafuni

Enzi zetu kule Kiwangwa, watoto tulilala chini kwenye mkeka, betri ya gari ikalala juu ya ubao. Msimu wa mananasi ukiisha, baba aliifungua kwenye pikapu yake, akaifuta kwa kanga kuukuu, akaiweka chumbani kwenye ubao wake. Ole wako uishushe. "Saruji inanyonya moto wa betri!" alifoka. Mama, ungo mkononi, alimjibu taratibu: "Si uioe tu, baba Mwanaidi, tujue moja."

Vijana wa leo simu ikipungua chaji wanahangaika kama wamefiwa. Sisi betri za redio tulizianika juu ya bati, tukazing'ata, tukazigongagonga, na taarabu ikaimba tena. Ndiyo maana tuliamini kila betri inapenda jua.

Mwaka huu mume wangu alifariki. Nikakaa eda, na bajaji yake iliyokuwa ikitulisha ikasimama uani. Shemeji yangu Hamisi akaja na maneno yaleyale ya baba: "Shemeji, iache betri iishe moto wote, kisha uianike. Kwenye saruji usiiweke kabisa." Ikifa, akasema, bajaji iuzwe tu, nani ataiendesha?

"Mimi."

Akacheka. "Wewe, shemeji? Abiria watakimbia!"

"Watakaokimbia watatembea kwa miguu."

Nilimpenda baba, lakini ukweli nausema: ubao wake haukuokoa betri hata moja. Zilikaa miezi bila kuchajiwa, zikafa, tukailaumu sakafu ambayo hata hazikuigusa. Marehemu mume wangu alikuwa akisema betri hufa kwa njaa. Basi nikataka ijazwe chaji kwanza, nyaya zifunguliwe, ikae kivulini, juu ya saruji hiyohiyo. Kila baada ya wiki kadhaa Hamisi aliipeleka kwa fundi kuchajiwa, akinung'unika njia nzima.

Eda ilipokwisha niliifunga mwenyewe. Nikawasha. Bajaji ikanguruma papo hapo, na Hamisi akasogea kunipisha.

Enzi zile pikapu ya baba ikigoma, majirani wote walitoka kusukuma. Injini ikishika, wanawake walipiga vigelegele, nasi watoto tukakimbia nyuma ndani ya moshi. Betri zetu zilikuwa mbovu, lakini hakuna aliyeondoka nyumbani peke yake. Mimi sikuhitaji kusukumwa. Nilikaza mtandio, nikashika usukani, nikaingia barabarani na kiti cha nyuma kitupu, kutafuta abiria.