Mama Yangu Hafungwi Kitini

Nilipompeleka mama kwenye nyumba ya wazee pale Kinoru, majirani wa kijijini kwetu Kanja walisema nimemtupa. Hawakutaja kwamba ni wao waliokuwa wakinipigia simu kila walipomkuta mtoni, amelowa, hajui njia ya kurudi. Mimi nafanya kazi Meru mjini. Nilitaka awe karibu, tena awe hai. Sikuomba ruhusa ya mtu.

Siku moja mchana msimamizi wa nyumba ile akanipigia. Mama alikuwa amepenya langoni gari la mboga lilipoingia, akapatikana karibu na uwanja wa mpira akiuliza wapita njia kama wameona ng'ombe wake.

"Lakini usijali," akasema. "Tumemtuliza."

Nilimkuta amefungwa kitini kwa leso yake ya kujitanda, fundo nyuma ya mgongo asilifikie. Mama yangu, aliyepanda miteremko na kikapu cha majani chai mgongoni, na mimba yangu tumboni! Alinitazama kama anayeuliza amekosa nini.

Nikalifungua fundo.

"Madam, akitoka agongwe na gari, utatulaumu sisi," msimamizi akasema.

"Nitawalaumu. Na leo nawalaumu kwa hili."

"Basi mchukue."

"Simchukui. Na hamtamfunga."

Kaka yangu, kwa simu kutoka Embu, alikuwa upande wao. "Heri afungwe kuliko tumzike," akasema. Nilimwambia aje yeye afungwe kwenye kiti hicho mchana mmoja, halafu tuzungumze.

Nikachukua likizo, nikashinda na mama. Kila alasiri, vikombe vya chai vikishakusanywa, alisimama na kushika njia ya langoni. Saa ya kukamua imefika, aliniambia, na ndama wanalia. Alikuwa anakwenda kazini.

Nilirudi kwa msimamizi, wala sikubembeleza. Lango liwekewe kengele. Komeo lipandishwe juu. Gari likiingia, mtu asimame pale. Upande wa ndani, lango lipakwe rangi ileile ya ua unaozunguka nyumba, asilione likamwita. Na saa ya kukamua ikifika, mama apewe ndoo, mfanyakazi atembee naye kuzunguka kiwanja mpaka achoke mwenyewe. Msimamizi alinuna siku kadhaa. Kisha nikaona wazee wengine nao wanatembezwa.

Bado kuna siku mama hutikisa ua akitafuta pa kutokea. Atikise tu. Sitaki mama aliyekwisha kubali kila kitu.

Kaka alikuja hatimaye, saa ya kukamua, mama ameshika ndoo yake. Mama hakumtambua, alidhani ni yule karani wa kupima majani chai.

"Wewe! Umenipunja kilo zangu tena!" akamkemea. "Leo sikubali!"

Kaka alinitazama, macho yamemjaa machozi. Nikampa ishara ajibu.

"Pole, mama. Nitapima upya."

"Basi shika hii," mama akasema, akamsukumia ndoo kifuani na kutangulia. Kaka akamfuata.