Alimwambia Afungue Mdomo Tu

Mwalimu wa muziki shuleni kwa binti yangu wanamwita Kinanda, maana hatembei bila kinanda chake cha betri, kimebanwa kwapani na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Ni mwembamba, na shati lake limechomoka upande mmoja siku zote. Muziki haujazi vipindi vyake, kwa hiyo anafundisha na jiografia, ambayo haipendi, na wanafunzi wanalijua hilo. Chumba cha kwaya alichopewa ni stoo ya madawati mabovu. Humo ndimo anamopanga watoto, wasichana sauti ya kwanza na ya pili, wavulana ya tatu na ya nne, huku akigonga meza kwa rula na kuwaimbia kila sauti yeye mwenyewe mpaka koo linamkauka.

Mimi nilimjua kwa sababu ya magauni. Shule niliiona kwa nje tu, lakini kushona najua. Mume wangu alipoondoka aliibeba cherehani kubwa, akampelekea mwanamke aliyekuwa akituuzia uzi. Nikabaki na ile ndogo ya mkono na kitinda mimba wangu, binti huyu. Kinanda aliponiletea kazi ya kushona magauni ya kwaya kwa ajili ya mashindano, niliipokea kwa mikono miwili, nikijua na binti yangu yumo.

Siku ya mashindano nilikaa nyuma ya ukumbi. Binti yangu alikuwa mstari wa mbele, gauni limemkaa, mdomo wazi kuliko wenzake wote. Nikamgusa jirani yangu begani.

"Unaisikia hiyo nzito, inayopita chini ya nyingine? Ni ya mwanangu hiyo."

"Naisikia, mwenzangu! Mtoto ana koo!"

Tulilia mpaka watu wakatugeukia.

Nyumbani nikamwambia binti yangu kwamba sauti yake niliitambua kati ya zote. Alivua gauni, akalikunja taratibu.

"Sikuimba, mama. Mwalimu aliniambia nifungue mdomo tu, nisitoe sauti."

Kwaya aliiacha siku hiyohiyo. Zamani alikuwa akifua anaimba, hata majirani wanamjibu kutoka madirishani. Sasa akifua nilisikia maji peke yake.

Jumamosi iliyofuata Kinanda akabisha hodi.

"Ingia, mlango hauna kiingilio."

"Mama, nimeleta suruali. Pindo limeachia."

Nikaliangalia. Alikuwa amelifumua mwenyewe, nyuzi zimekatwa sasa hivi.

"Na jambo jingine?"

"Mkuu wa shule alisema tusipoingia tatu bora, kipindi cha muziki kinafutwa, saa zake wanapewa watu wa hesabu. Sauti ya mtoto ilikuwa inatoka nje ya wenzake. Niliogopa, mama."

"Na mkashinda?"

"Tulikuwa wa pili. Kipindi kimebaki."

"Hongera."

Aliinama kana kwamba nimemzaba kofi. "Naomba unisamehe."

"Suruali nimeipokea, mwalimu. Hilo jingine rudi nalo."

Akarudi nalo, na Jumamosi nyingine akaja nalo tena, safari hii na zipu. Halafu kola. Nilimkalisha kwenye kigoda mlangoni, pale jua linapompata mtu usoni. Nilifika mahali pa kuisubiri Jumamosi. Mwanamume aliyenivunjia nyumba hajawahi kuniinamishia hata kope, na huyu hapa alikuwa akitokwa jasho mbele yangu, anakunjakunja kofia. Nilimtazama nikashona polepole.

Siku moja alikuja bila kinanda. Alileta ile suruali ya kwanza, pindo limefumuliwa upya.

"Sauti yake haikuwa mbovu," akasema. "Ni ya tatu. Mimi ndiye niliyemng'ang'aniza ya kwanza kwa kuwa ni msichana. Sasa nikinyanyua mkono kuongoza wale watoto, namwona yeye na mdomo wake ule. Siwezi tena. Jumatatu namwambia mkuu hizo saa awape watu wa hesabu."

"Ni uamuzi wako, mwalimu," nikajibu, nikakata uzi kwa meno.

Alipotoka, binti yangu alitokea nyuma ya pazia, mikono ina povu.

"Mama, mwambie asiache. Wenzangu watakwenda wapi?"

"Alipokuwa anakuziba mdomo aliwafikiria wenzako?"

"Nilimkasirikia, imekwisha. Wewe ndiye hutaki iishe. Mwalimu siyo baba, mama."

"Nyamaza!"

Akanyamaza. Mdomo ulibaki wazi kidogo, bila kitu ndani, vilevile kama nilivyouona kule ukumbini. Sindano ilinitoka mkononi. Kinanda alimnyamazisha mtoto wangu kwa woga, tena siku moja, akakosa raha tangu siku hiyo. Mimi nilimnyamazisha kwa hasira zilizomhusu mtu mwingine, na nilikuwa nimejikalia kitini kama hakimu.

Nilimaliza lile pindo nikiwa nimesimama. Mchana huohuo tukaenda shuleni mimi na binti yangu, suruali mkononi mwake.

Kwaya ilikuwa stoo, inafanya mazoezi ambayo kati yao mwalimu peke yake ndiye aliyejua kuwa ni ya mwisho. Aliponiona, rula ikashuka.

"Suruali yako hii, mwalimu. Na usiifumue tena, kitambaa kitakwisha." Nikamsogeza binti yangu mbele. "Na lile jingine nimelipokea. Nililikalia sana. Nisamehe na mimi."

Alifuta macho kwa mkono wa shati lile lililochomoka, kisha akamwonyesha binti yangu nafasi katikati ya wavulana wa sauti ya tatu.

"Karibu, kaka!" mmoja akamchokoza.

"Kaka yako nani? Sogeza kiwiko chako."

Wakaanza. Kinanda aliongoza akitazama dari, ukuta, madawati, kila mahali isipokuwa upande wa sauti ya tatu. Mimi masikio yangu sikuyaamini tena, yalishanidanganya mara moja. Nilipita kati ya madawati mabovu mpaka nikamfikia binti yangu karibu. Mdomo sikuuangalia. Niliangalia shingo yake, nikaona mshipa umesimama, na ngozi ya koo inatetemeka.