Mkoba wa Bastola Ulikuwa na Kifuniko

Siku ya kwanza kazini, kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda, bwana stoo aliniangalia mikono, uso hakuuangalia.

"Umefika darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Basi kaa kwenye ngozi. Kalamu utatuharibia."

Tulikuwaga tunashona mikanda ya mashine, na mimi nikapewa pia mikoba ya bastola za walinzi. Ninyi wa sinema, sikilizeni. Mkoba wetu ulikaa juu kiunoni, na kifuniko chenye kifungo cha shaba. Ngozi unailoweka, unaikandamiza kwenye mti uliochongwa mfano wa bastola, ikikauka imeshika umbo. Unatoboa kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini, unapitisha nyuzi mbili zenye nta. Mlinzi akimbie, aanguke, bastola haitoki. Hakuna aliyeniulizaga itachomoka upesi kiasi gani.

Nilihamishiwa Musoma. Huko nikamkuta mkuu wa walinzi aliyelewa sinema za wachunga ng'ombe wa Kizungu.

"Mama, nishonee mkoba uning'inie pajani, bila kifuniko. Nikigusa tu, paa!"

"Afande, bastola itaanguka hiyo."

"Wewe ni fundi au ni mkuu wangu?"

Nikashona. Hapo nilikosea, na nilijua nakosea.

Tulipokwenda kununua pamba Butiama, aliruka kutoka kwenye lori. Bastola ikamtoka, ikapiga chini, risasi ikampitia utingo mguuni. Kwenye kikao meneja akauliza nani kashona. Mkuu akaninyooshea kidole.

"Huyu mama. Si unajua hajasoma."

Nilisema aliniagiza. Nani alisikia? Walininyang'anya meza yangu, nikafagia vumbi la pamba mpaka nastaafu. Utingo alichechemea mpaka anazikwa. Mkuu alipandishwa cheo.

Sasa nakaa Manyamanyama. Mwezi uliopita vijana watatu wanaorekodi michezo ya kuigiza walikuja.

"Bibi, tushonee mkoba wa mlinzi wa zamani. Wa ukweli kabisa."

Nilishona wiki nzima na macho haya mabovu, nikauwekea kifuniko chake. Binti mmoja akaugeuza, akacheka.

"Bibi naye! Atachomoaje haraka na hili likofia?"

Akatoa wembe, akakata kifuniko, akamfunga mwenzake pajani. "Asante bibi. Sasa ndiyo unafanana na wa zamani."

Na mimi wa zamani nimekaa palepale, naangalia.